Sura ya 6: Mbona Muziki Ukikolea Mimi Nachoka?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Kijana huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba anaungama: "Mbona wenzangu wakisikia singeli wanapagawa, mimi natamani kwenda kulala?" Mama humuulizia bintiye: "Huyu mwanangu hajichanganyi, ana nini?" Na mara nyingi haliulizwi kabisa, hutolewa kama hukumu: "Yule anaringa."

Watu wengi huishi na hukumu hiyo mpaka uzee. Wapo waliojilazimisha kupenda mikesha, wakashindwa, wakaamua kwamba wana kasoro. Wapo walioacha kuhudhuria harusi za ndugu zao, ugomvi ukaingia kwenye ukoo. Sura hii ni yao, na ni ya shangazi zao pia.

Jumamosi moja Kabuku

Kabuku iko wilaya ya Handeni, mkoa wa Tanga, kwenye barabara kuu inayotoka Chalinze. Ukishapita Mkata unaikuta, na mbele yake ni Segera, pale njia zinapoachana: moja Muheza na Tanga, nyingine Korogwe mpaka Moshi. Abiria wa basi hukumbuka machungwa na mashamba ya mkonge. Wakazi wake hukumbuka pia usiku wa Jumamosi, hasa msimu wa harusi.

Fikiria Jumamosi kama hiyo. Turubai limefungwa tangu alasiri, viti vya plastiki vimepangwa, jenereta iko nyuma ya nyumba endapo umeme utakatika. Spika zimesimamishwa mbili juu ya mbili, midomo yake ikielekea kwenye viti. Hiki ni kigodoro, yaani mkesha wa muziki wa mtaani unaopigwa mpaka alfajiri, aghalabu kuamkia harusi au mwali kutolewa nje. Saa tano usiku DJ ameshamaliza taarabu na mduara, sasa ameachia singeli. Vumbi linapanda mpaka kwenye taa.

Binti mmoja, wakala wa miamala ya simu anayeongea na wateja kutwa nzima bila kuchoka, amekaa safu ya pili. Maji kwenye kikombe alichokishika yanatikisika kwa kila mdundo. Anatabasamu, lakini tabasamu limekakamaa. Shangazi yake anamtokea, kanga kiunoni, jasho likimtiririka.

"We mwanangu, umekaa kama uliyefiwa! Nyanyuka, harusi ya nduguyo hii."

"Nakuja, shangazi."

"Unakuja lini, watu wakishatawanyika?"

Shangazi akishageuka, binti anazunguka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria ya pilau. Huko kuna wanawake sita, moto na maongezi. Anachukua mwiko. Anakaa nao mpaka saa kumi, anacheka, anapakua, anabishana kuhusu chumvi. Hakuna aliyemwona tena kwenye uwanja, na kesho yake itasemwa kwamba alikimbia shughuli.

Alikimbia nini hasa? Kama angekuwa anakimbia watu, asingekaa na watu sita mpaka saa kumi.

Mkimya, mwenye haya na anayeringa

Tuwatenganishe watu watatu wanaochanganywa kila siku.

Mkimya, kwa maana tutakayoitumia humu, ni mtu ambaye nguvu zake hupungua akiwa katikati ya watu wengi na vishindo vingi, na hurudi akiwa peke yake au na wachache. Mwenzake tutamwita mchangamfu: yeye umati humjaza nguvu. Mkimya si lazima awe hasemi. Wapo walimu, mashehe, makondakta na wachekeshaji wakimya. Wanafanya kazi mbele za watu, kisha wanahitaji kujifungia.

Mwenye haya ni mwingine. Huyu anatamani sana kwenda katikati kucheza, ila anaogopa macho ya watu. Mpe nusu saa, mpe rafiki wa kumshika mkono, atacheza. Mkimya hata ukimshika mkono atacheza nyimbo mbili kwa heshima yako, kisha atatafuta pa kukaa.

Anayeringa ni yule aliyekuja akiamini kwamba hadhi yake imepita ile shughuli. Yupo, tusidanganyane. Tatizo ni kwamba akiwa amekaa kwenye kiti, ukimtazama kwa mbali, anafanana kabisa na mkimya, na pia na aliyefiwa, na pia na mwenye njaa.

Yuko na wa nne, anayestahili msaada zaidi ya maelezo: mtu ambaye mkusanyiko wowote humtia hofu ya kumfanya atetemeke, moyo umwende mbio, akose pumzi, mpaka anaacha shule, kazi au ibada. Hiyo ni hali ya kitabibu na inatibika. Usiiite ukimya.

Ubongo unaopokea zaidi

Aina hizi mbili, za wakimya na wachangamfu, zilipata umaarufu duniani mwaka 1921, pale Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alipochapisha kitabu kuhusu aina za watu. Yeye alitazama mtu anaelekeza wapi mawazo yake, ndani au nje. Miaka ya 1960 Hans Eysenck, mwanasaikolojia mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi London, akaja na wazo la mwili: kwamba ubongo wa mkimya, hata akiwa ametulia, tayari uko macho zaidi kuliko wa mchangamfu. Kwa hiyo kichocheo kidogo humtosha. Mchangamfu huanza chini, ndiyo maana anatafuta kelele, watu na mwendo ili afike pale anapojisikia vizuri.

Jaribio lake maarufu ni la limau. Unadondosha matone machache ya maji ya limau kwenye ulimi wa mtu, kisha unapima mate. Kwa wastani, wakimya hutoa mate mengi zaidi. Kitu kilekile, kiasi kilekile, mwitikio tofauti. (Mkoa wa Tanga ungeweza kulirudia jaribio hili bila kuomba ufadhili.)

Wataalamu wa baadaye hawakukubaliana na Eysenck kwa kila jambo. Wengine husema tofauti iko kwenye raha: ubongo wa mchangamfu hulipwa zaidi na msisimko, wa mkimya hulipwa kidogo, kwa hiyo gharama ya kukesha humwelemea. Maelezo yote mawili yanaishia mahali pamoja, kwamba watu wawili waliokaa kwenye kiti kimoja hawako kwenye muziki mmoja.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 1984, la mtafiti Mmarekani Russell Geen. Aliwapa watu kazi ya kujifunza huku wakisikiliza kelele, akawaacha wachague wenyewe kiwango cha sauti. Wachangamfu walichagua desibeli 72 hivi, wakimya 55 hivi. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Kila mmoja akiwa kwenye kiwango chake, walijifunza sawasawa. Walipobadilishana, mkimya kwenye kelele ya mchangamfu na mchangamfu kwenye utulivu wa mkimya, wote walifanya vibaya zaidi.

Angalia hiyo sehemu ya mwisho. Mchangamfu naye aliharibikiwa alipowekwa kimya. Tungekuwa na utamaduni wa kukesha bila sauti, sura hii ingeandikwa kwa ajili yake.

Mwendo wa singeli

Sasa tuurudie uwanja, maana huko hatuzungumzii desibeli 72.

Singeli ilizaliwa Dar es Salaam, katika mitaa ya uswahilini kama Manzese, Tandale na Mbagala, kutokana na mchiriku, taarabu na mikesha ya vigodoro yenyewe. Watengenezaji walichukua vipande vya taarabu na ala nyingine wakavikimbiza kwa kompyuta. Wimbo wa kawaida wa Bongo Fleva una mapigo 90 hadi 110 hivi kwa dakika. Muziki wa disko, ule unaoitwa haus, una 120 hadi 130. Singeli inakimbia kuanzia 200 na kuna nyimbo zinazofika 300. Moyo wa mtu mzima aliyekaa hupiga kati ya 60 na 100.

Kwa hiyo mtu akikwambia singeli inamchosha hata akiwa amekaa, usimshangae. Na akikwambia inampandisha mpaka anasahau shida za wiki nzima, usimshangae pia. Ilitengenezwa kwa kazi hiyo, na inaifanya vizuri ajabu. Wasanii Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba na Dulla Makabila wameitoa mitaani wakaifikisha redioni. Studio ya Sisso, Mburahati, ilisikika mbali zaidi baada ya lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Leo muziki huo unachezwa kwenye matamasha ya Ulaya na watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Upande wa masikio ni suala jingine, na halijali kama wewe ni mkimya au mchangamfu. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa hizo zinashuka kuwa 4. Ikifika 100, dakika 20 tu kwa wiki nzima. Aliyekaa mbele ya spika za kigodoro kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri ameshakula masikio ya miezi. Ule mlio wa "nziii" anaoamka nao Jumapili ni malalamiko ya sikio.

Kwa ufupi mpaka hapa:
- Ukimya ni kiwango cha kichocheo kinachomtosha mtu. Hauhusiani na kuwachukia watu.
- Kigodoro kimeongeza vitu vitatu kwa mpigo: sauti, mwendo na muda.
- Mwenye kuchoka mapema hajakosea, na mwenye kupagawa hajakosea.

Ngoma ilikuwa na kazi nyingi

Hapa husikika pingamizi moja, na ni zito: "Babu zetu walikesha kwenye ngoma, hatukusikia habari za mkimya."

Ni kweli walikesha. Wazigua wa Handeni wana selo, Wasambaa wa Korogwe na Lushoto wana mdumange, pwani ya Tanga kuna baikoko. Na Kabuku na mashamba jirani ya mkonge yalikutanisha ngoma nyingi kuliko hizo. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwapo. Wakaja manamba, vibarua wa mkataba kutoka mbali: Wamakonde, Waha, Wahehe, Wanyakyusa na wengine. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo cha kuwakusanya na kuwasafirisha, SILABU. Watu hao wasiojuana walifahamiana kwa ngoma siku za mapumziko, kila kabila na mdundo wake.

Lakini itazame ngoma ilivyokaa. Manju anaongoza nyimbo. Masogora wako kwenye ngoma. Kuna wanaoitikia, wanaopiga makofi, wenye manyanga na njuga, wenye vigelegele. Kuna mzee au kijana anayekaa kwenye moto, kazi yake ni kuzikausha ngozi za ngoma zikishalegea kwa umande. Huyo usiku mzima hachezi hata hatua moja, na bila yeye ngoma inakufa saa saba. Kuna wapishi. Kuna waliokaa ukingoni, na ukingo wenyewe ni sehemu ya duara, maana duara bila ukingo si duara.

Beni ilizidi. Ngoma hii ya kuiga bendi na gwaride ilianza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea Tanganyika, na vyama vyake vikubwa vilikuwa Marini na Arinoti. Kila kimoja kilikuwa chama kamili: mkuu aliyeitwa kingi, maofisa wenye vyeo, utaratibu wa kumpokea mwanachama mgeni na wa kumzika aliyefariki. Mtu asiyeweza kukata kiuno alikuwa na cheo chake na shughuli yake, na watu wakamheshimu kwa hiyo.

Kigodoro kimezifuta kazi hizo karibu zote. Mdundo unatoka kwenye spika, hauhitaji wa kuitikia wala wa kukausha ngozi. DJ ni mmoja, MC ni mmoja. Waliobaki wana nafasi mbili tu, katikati au kwenye kiti, na kiti kimeelekezwa kwenye spika. Mkimya wa zamani hatukumsikia kwa sababu alikuwa kwenye moto, ana kazi. Wa leo anaonekana kwa sababu hana.

Hili lina uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford walipima watu baada ya kuimba, kupiga ngoma au kucheza, wakawalinganisha na waliosikiliza muziki tu. Walioshiriki walistahimili maumivu zaidi. Hiyo ni dalili kwamba mwili umetoa endofini, kemikali ya asili inayotuliza maumivu na kuleta ile raha ya kujisikia mmoja na wenzako. Waliosikiliza tu hawakupata. Maana yake, mpiga makofi wa ukingoni alikuwa anakula utamu uleule wa mchezaji wa katikati, na aliyekaa mbele ya spika leo, mikono mapajani, anapata kelele bila malipo yake.

Kwa nini shangazi anakasirika

Tusimwonee shangazi. Anacholinda ni kikubwa.

Shughuli, kwa uswahilini na kwa miji kama Kabuku, ni deni linalozunguka. Leo nimekuja kwako na sare yangu, nimekutunza noti mbele za watu, nimecheza mpaka kanga imelowa. Kesho nikiwa na mwali wangu utakuja kwangu. Daftari la michango huandika fedha, na macho ya watu huandika jasho. Ndugu asiyecheza anaonekana kama aliyekataa kulipa, au mbaya zaidi, kama asiyeridhia ndoa yenyewe. Shangazi akimwona mpwa wake ametulia, anaona upande wa bwana harusi wakimtazama.

Kumweleza shangazi habari za Eysenck na limau hakutasaidia kitu. Kinachosaidia ni kulipa deni kwa sarafu nyingine, tena mapema na hadharani. Yule binti wa miamala kosa lake halikuwa kwenda kwenye masufuria. Ni kwamba alikwenda kimyakimya, kazi yake ya saa tano haikuingia kwenye daftari la macho.

Waingereza na chumba cha kupoa

Wasiopenda vigodoro hupenda kusema hili ni tatizo la uswahilini. Waingereza walikuwa na lao. Kuanzia 1988 vijana wao walikesha kwa maelfu kwenye maghala na mashamba, wakicheza muziki wa kompyuta mpaka jua linachomoza. Mikesha hiyo waliiita reivu. Serikali ilikasirika mpaka mwaka 1994 Bunge likapitisha sheria iliyotaja, ndani ya maandishi yake, muziki wenye midundo inayojirudiarudia. Sheria chache duniani zimewahi kuukaribia mdundo kiasi hicho.

Lakini wenyewe kwa wenyewe waligundua kitu mapema. Mwaka 1989, kwenye klabu ya Heaven jijini London, kulikuwa na chumba cha pembeni ambamo Alex Paterson na Jimmy Cauty walipiga muziki wa taratibu, karibu hauna mdundo, watu wakakaa chini wakapumzika kisha wakarudi ukumbini. Vyumba hivyo vikaenea, na muziki wake ukawa aina kamili inayojitegemea. Mkimya akapata pa kukaa bila kuondoka, na mchangamfu aliyechoka naye akaingia humohumo.

Ukialikwa, ukialika

Kwa mkimya aliyealikwa:

- Omba kazi siku moja kabla, kwa jina: daftari, kupokea wageni, kupakua, kuwaangalia watoto, jenereta. "Shangazi, jikoni niachie mimi" ni sentensi inayozima maneno ya wiki nzima.
- Fika mapema. Saa mbili usiku watu bado wanasalimiana na muziki uko chini. Utaonwa na kila mtu, na hilo ndilo linaloandikwa.
- Cheza wimbo mmoja, ule wa kumtunza bibi harusi. Noti mkononi, hatua chache, tabasamu. Hakuna anayehesabu wa pili.
- Ukiaga, aga kwa mwenye shughuli. Anayetoroka huulizwa, aliyeaga huombewa safari njema.
- Vipande vya pamba masikioni havizuii sana. Vizibo vya masikio vya sponji, kama wanavyovaa mafundi wa mashine, huzuia vizuri zaidi.

Kwa mwenye shughuli, jambo ni moja na halina gharama: viti. Kwenye uwanja wa wazi, kila ukiongeza umbali wa spika mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Ukiwa na safu ya viti iliyo mita 3 kutoka kwenye spika, ukaisogeza mpaka mita 12, umeondoa desibeli 12 bila kumgusa DJ. Geuza safu hiyo itazamane yenyewe kwa yenyewe badala ya kutazama spika, weka meza ya kahawa na kashata, na uiweke upande ule ule wa jikoni. Wazee watakaa hapo wa kwanza. Wenye watoto wachanga watafuata. Kufika saa saba utawakuta huko hata baadhi ya waliokuwa wamepanda juu ya viti saa nne, viatu mkononi, wakiulizana nani anarudi Mkata na bodaboda ya mwisho.